Fataki Usiku wa Sabato

Mwaka 2025 tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani, iliangukia Ijumaa. Kwa Mmarekani wa kawaida hiyo ni neema: siku tatu mfululizo za mapumziko, nyama choma uani, ufuoni mchana, fataki usiku. Kwa Myahudi anayeshika Sabato kuna hesabu nyingine. Sabato huingia Ijumaa jua linapozama, na New York siku hiyo mishumaa ilipaswa kuwashwa saa 2:12 usiku, dakika 18 kabla ya machweo. Fataki kubwa za jiji zilipangwa kuanza mnamo saa 3:25. Mishumaa ikishawaka hakuna treni, hakuna simu, hakuna kubonyeza swichi ya taa, na kwa wenye msimamo mkali hakuna kubeba hata leso barabarani. Ndiyo maana wenzangu wa chuo walianza kuipanga wikendi ile tangu Pasaka.

Mimi ni mzaliwa wa Nairobi. Babu wa baba yangu alitoka Lithuania akapitia Afrika Kusini, njia waliyoifuata Wayahudi wengi wa mwanzo waliohamia Kenya. Sinagogi letu liko pale University Way inapokutana na Uhuru Highway. La kwanza lilijengwa mwaka 1912 na 1913, hili la sasa ni la 1955. Watu wengi hulipita kila siku ndani ya matatu bila kujua ni jengo la nini. Wachache zaidi wanajua kwamba mwaka 1903 Uingereza ilipendekeza kuwapa Wayahudi wa dunia sehemu ya nyanda za Uasin Gishu, na kwamba mkutano wa Wazayuni ulikataa mwaka 1905. Jumuiya yetu ikabaki ndogo. Kijana aliyekulia humo huzoea kuwa Myahudi pekee darasani, na akifika New York hushangaa kuona mtaa mzima ukifunga maduka Ijumaa jioni.

Wenzangu tulisoma nao Chuo Kikuu cha Brandeis, nje kidogo ya Boston, chuo kilichoanzishwa mwaka 1948 wakati baadhi ya vyuo vikubwa vya Marekani bado viliwekea kikomo idadi ya Wayahudi wa kupokelewa. Hapa nitawaita kwa kazi na asili zao. Mwenyeji wetu alizaliwa Grand Street, upande wa chini wa mashariki ya Manhattan, naye anashika kila kitu. Mwalimu anafundisha shule ya Kiyahudi New Jersey, ni wa ukoo wa Haruni, kuhani kwa nasaba. Daktari yuko katika mafunzo ya hospitali. Nyumbani kwao Sabato ilikuwa siku ya kufua nguo. Mbukhara ni wa Queens, wazazi wake walitoka Samarkand baada ya Umoja wa Kisovieti kusambaratika. Mimi niko katikati: nyama yangu ni ya kosheri, yaani halali kwa sheria ya Kiyahudi, lakini Jumamosi nimewahi kupanda basi.

Watu wa viwango tofauti hivyo hukaaje meza moja? Kanuni yetu tuliipata chuoni na haijawahi kubadilika: meza hupangwa kwa anayeshika zaidi. Daktari anaweza kula kwa Mwalimu. Mwalimu hawezi kula kwa Daktari. Basi sufuria ziwe za Mwalimu. Hakuna anayeonewa, hakuna anayeachwa nje mlangoni. Nimeona familia zikivunjika kwa kukosa kanuni hii, kila mmoja akidai meza ifuate kiwango chake.

Nilitoka Boston Alhamisi mchana kwa basi. Barabara ilikuwa imejaa watu wanaokwenda sikukuu, tukafika usiku. Katika begi nilikuwa na bizari, ukwaju, na pakiti ya karafuu za Pemba niliyoletewa na binamu yangu. Mwenyeji anaishi na bibi yake katika moja ya yale majengo marefu ya ushirika ya Grand Street, yaliyojengwa miaka ya 1950 kwa juhudi za chama cha wafanyakazi wa nguo za wanawake. Bibi alishona vifungo vya makoti kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Aliniita mtoto wa Nairobi tangu mara ya kwanza tulipoonana, na usiku ule alikuwa macho akinisubiri.

"Umekula?"

"Shikamoo Bibi," nikamjibu kwa Kiswahili kama nilivyomzoesha.

"Marahaba. Umekula?"

Nilikuwa nimepewa kazi moja tu: kuku wa kupaka kwa chakula cha Ijumaa usiku. Sheria ya Torati, kama marabi walivyoifafanua, haituruhusu kuchanganya nyama na maziwa, si sufuriani wala mezani. Mchuzi wa krimu, siagi juu ya kuku, samli kwenye pilau ya nyama, vyote haviwezekani. Kwa hiyo mapishi ya pwani yetu ni hazina kwa jiko la kosheri, kwa sababu tui la nazi lina uzito na utamu wa maziwa bila kuwa maziwa. Sijui chakula kingine cha Afrika Mashariki kinachofaa meza ya Sabato kuliko hiki. Makopo ya tui tuliyapata yenye alama ya U ndani ya duara, muhuri wa wakaguzi wa kosheri unaojulikana zaidi Marekani, na kuku tuliwanunua kwa mchinjaji wa Brooklyn.

Kuku wa kupaka nilimjua kwa jirani yetu wa Nairobi, mama wa Kimombasa tuliyemwita Shangazi, ndiye aliyemfundisha mama yangu. Nilimpigia simu. New York ilikuwa saa nne usiku, kwao ni alfajiri na ameshaamka kwa sala.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umefika salama? Kuku mmeshamchoma?"

"Bado. Hapa hakuna makaa, nitatumia moto wa juu wa oveni."

"Si haba. Ila tui la kwanza liweke kando hata mwisho. Ukishalitia, koroga, usiache mkono. Na chumvi uonje kwanza. Kuku wenu si washatiwa chumvi?"

Hakusahau. Kuku wa kosheri hulowekwa kwenye maji, kisha hupakwa chumvi kwa muda wa saa nzima ili damu itoke, halafu huoshwa. Mpishi asiyejua hilo hutia chumvi mara ya pili na mchuzi hauliki. Shangazi, Mwislamu wa Mji wa Kale, amekuwa akiyakumbuka hayo kwa ajili yetu miaka yote.

Ijumaa asubuhi tulipanda treni ya F kutoka East Broadway hadi mwisho wa njia, Coney Island, kwa dola 2.90 kila mmoja. Kila Julai 4 hufanyika pale mashindano ya kula soseji mbele ya kibanda cha Nathan's, kona ya Surf na Stillwell. Umati ulikuwa umefunika barabara, watu wamevaa kofia zenye umbo la soseji na bendera mabegani. Washindani husimama mbele ya meza ndefu na kula kwa dakika 10, mikate wakiichovya kwenye maji ili ishuke haraka. Mwaka huo mshindi, Joey Chestnut, alikula soseji 70 na nusu. Daktari hakuweza kutazama. Alikuwa akiwaza matumbo yao.

Mimi nilikuwa nikimfikiria Nathan Handwerker mwenyewe. Alikuwa Myahudi maskini wa Galicia, Ulaya ya Mashariki, mtoto wa fundi wa viatu, aliyefika Marekani mwaka 1912. Alifanya kazi katika mkahawa mkubwa wa Coney Island uliouza soseji kwa senti 10, kisha mwaka 1916 akafungua kibanda chake, akauza kwa senti 5. Soseji zake zilikuwa za ng'ombe, zenye viungo vya mkewe Ida, lakini hazikuwa za kosheri. Mhamiaji yule aliamua kuuzia kila mtu, na kila mtu akaja. Leo sikukuu ya uhuru haikamiliki kwenye televisheni bila jina lake. Mwalimu, mjukuu wa wahamiaji wa aina ile ile, alisimama pale akila mkate wa tuna alioufunga nyumbani. Nilimwona ana furaha kamili.

Kutoka hapo tulitembea kwenye njia ya mbao inayopita kando ya bahari mpaka Brighton Beach. Ni mwendo mfupi, lakini lugha inabadilika. Mabango ya maduka ni ya Kirusi, wazee wanacheza sataranji kivulini, akina mama wanauza vitumbua vya kabichi. Wayahudi wa Odessa na miji mingine ya Kisovieti walianza kumiminika hapa miaka ya 1970 walipofunguliwa njia ya kutoka. Mbukhara aliongea nao Kirusi na akarudi na tango la kachumbari kwa kila mmoja wetu. Bahari ya Atlantiki mwanzoni mwa Julai bado ina baridi kwa mtu aliyezoea ufuo wa Nyali, Mombasa. Niliogelea hivyo hivyo. Daktari alilala mchangani bila kusema neno. Alikuwa ametoka zamu ya usiku.

Saa nane mchana Mwenyeji alisimama akapiga makofi. Hakuna aliyebisha. Safari ya kurudi ilikuwa ya watu wanaokimbizana na jua: kuoga kwa zamu, kuchana karatasi za chooni na kuziweka kwenye kisanduku kwa sababu kuchana ni kazi iliyokatazwa, kuweka bati juu ya jiko lenye moto mdogo utakaowaka hadi kesho yake, kutegesha saa za taa, kujaza birika kubwa la umeme. Saa 2 kasoro simu zote ziliingia kwenye droo ya kabati la Bibi. Ya Daktari pia. Alikuwa si wa zamu, akaizima mwenyewe, akaiweka juu ya zetu.

Bibi aliwasha mishumaa, akafunika macho kwa viganja. Nyumba ikanyamaza.

Suala la fataki lilikuwa limeshajadiliwa kwa wiki nzima katika kikundi chetu cha WhatsApp. Je, mtu anaruhusiwa kwenda kutazama moto uliowashwa siku ya Sabato? Mwalimu alitueleza kwa mfano wa zamani uliomo katika Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi: asiye Myahudi akiwasha taa kwa ajili yake mwenyewe, Myahudi anaweza kuutumia mwanga huo, akiiwasha kwa ajili ya Myahudi, haruhusiwi. Fataki hizi ziliwashwa kwa ajili ya mamilioni ya watu wa jiji. Tungetembea kwa miguu, hatungebeba kitu, hatungepiga picha. Mwenyeji aliridhika.

Kubeba ndiyo lilikuwa jambo gumu zaidi. Katika miji mingi Wayahudi huzungusha uzi au waya kwenye nguzo, uitwao eruvu, ili mtaa uhesabike kama ua mmoja na watu waweze kubeba funguo na watoto. Lakini Rabi Moshe Feinstein, mwamuzi mkubwa wa sheria aliyeishi mtaa huu huu mpaka alipofariki mwaka 1986, alipinga kuweka eruvu Manhattan, na zipo familia za Grand Street ambazo bado zinaheshimu neno lake. Hivyo Mwenyeji aliunganisha ufunguo kwenye mkanda wa kiunoni, ukawa ndio kifungo cha mkanda wenyewe. Ukivaliwa haubebwi. Tukashuka kwa lifti ya Sabato, ambayo hujiendesha na kusimama kila ghorofa bila mtu kubonyeza chochote.

Ukingoni mwa mto, karibu na bustani ya Corlears Hook, palikuwa pamejaa. Familia za Kipuerto Riko zilikuwa na viti vya kukunja na redio. Wazee wa Kichina wamekuja na vipepeo vya mkono. Vijana wa Kiyahudi wa mtaa wamevaa mashati meupe. Mbele yetu lilikuwa Daraja la Manhattan, nyuma yake la Brooklyn, ambako majahazi ya fataki yalitia nanga. Mlipuko wa kwanza uliwaliza watoto. Kisha anga ikawa nyekundu, ikawa dhahabu, ikawa nyeupe, na maji yakayarudia yote. Watu wote walikuwa wameinua simu. Sisi mikono yetu ilikuwa mitupu, na nasema kwa moyo wote kwamba sijawahi kutazama kitu kwa macho yangu yote kama usiku ule. Sikuwa na la kurekodi wala wa kumtumia. Msichana mdogo wa jirani alimuuliza Mbukhara kwa nini hatupigi picha. Akamjibu kwamba leo ni siku yetu ya kupumzika. "Na simu nazo zinapumzika?" "Nazo pia."

Tulirudi tukaketi kula saa nne usiku. Divai ilibarikiwa, mikono ikanawishwa, na hakuna aliyesema kitu mpaka mikate miwili ya kusukwa ilipomegwa na kuchovywa kwenye chumvi. Mikate huwa miwili kwa kumbukumbu ya mana jangwani, iliyokusanywa maradufu siku ya sita. Nilipoleta kuku wa kupaka, Mwalimu aliomba jambo moja: kipande cha nazi yenyewe kiwekwe mezani kando ya bakuli. Katika karne ya 16 Rabi Moses Isserles wa Kraków aliandika kwamba anayepika nyama kwa maziwa ya lozi aweke lozi kando, ili mtazamaji asidhani ni maziwa ya ng'ombe. Kwa kuku alilegeza, lakini Mwalimu hupenda kuongeza. Nilikuwa nimeshavunja nazi moja mchana. Bibi alionja mchuzi, akafuta bakuli kwa mkate, akaomba tena.

Halafu yakaja mazungumzo, na hapo sitaficha kitu. Siku chache kabla, Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, alikuwa amethibitishwa mshindi wa kura za mchujo za chama cha Democratic kuwania umeya wa New York. Meza iligawanyika. Daktari alikuwa amempigia kura akitumaini kodi za nyumba zitashuka. Mwenyeji aliogopa kauli zake kuhusu Israeli. Wakanigeukia mimi niseme watu wa kwetu wanamwonaje, nikawaambia ukweli: Afrika Mashariki wengi wanafurahi kumwona mtoto wa Kampala amefika pale, na furaha hiyo haina uhusiano na hofu ya Mwenyeji wala haiifuti. Kutoka hapo tukaangukia Gaza, kama ilivyokuwa kila meza ya Kiyahudi mwaka ule. Mbukhara alikuwa na binamu jeshini. Daktari alizungumza juu ya watoto wanaokufa na njaa, sauti ikamtetemeka. Mwalimu alitaja mateka waliokuwa bado wameshikiliwa. Hakuna aliyemwambia mwenzake kwamba huzuni yake si ya kweli. Lakini sauti zilipanda, na kwa muda niliogopa tutavunja urafiki wa miaka.

Bibi aligonga meza kwa kijiko akaanza kuimba. Nyimbo za Sabato zinajulikana na wote, hata Daktari alizijua za chuoni. Tuliimba mpaka taa ilipozimwa na saa yake, tukabaki gizani tukiendelea kuimba. Hatukukubaliana, na sidhani tutakubaliana. Asubuhi yake tulikwenda sinagogini pamoja.

Sinagogi la Bialystoker liko Willett Street, mwendo mfupi kutoka nyumbani. Jengo la mawe lilijengwa mwaka 1826 kama kanisa la Kimethodisti, na mwaka 1905 likanunuliwa na Wayahudi waliotoka Białystok, Poland. Nje ni kavu. Ndani dari na kuta zimejaa rangi, pamoja na alama 12 za nyota. Mlangoni alikuwepo askari mwenye silaha. Wageni hushtuka, mimi nilijihisi nyumbani, maana lango letu la Nairobi pia huwezi kulipita bila kuhojiwa. Natamani mtoto wa Kiyahudi akue bila kuzoea hali hiyo.

Fungu la Torati la wiki hiyo lilikuwa Hukati, katika Hesabu sura ya 19 na kuendelea: ng'ombe jike mwekundu ambaye majivu yake humtakasa aliyegusa maiti, kifo cha Miriamu, Musa kupiga mwamba. Ni fungu la vifo na kiu. Mchana, baada ya cholenti ya maharage na nyama iliyokaa jikoni usiku kucha, tulilala usingizi mzito, kisha tukatembea hadi Chatham Square, ndani ya Chinatown. Katikati ya maduka ya samaki na ofisi za mawakili kuna uzio wa chuma, na nyuma yake makaburi ya Wayahudi ambayo jiwe lake la kale zaidi ni la mwaka 1683.

Wenye makaburi yale ni wa jumuiya ya Shearith Israel, ya kwanza ya Kiyahudi Amerika Kaskazini. Mwaka 1654 Wareno waliuteka tena mji wa Recife, Brazili, kutoka kwa Waholanzi. Wayahudi walioishi huko kwa amani chini ya Waholanzi walilazimika kukimbia, na watu 23 wakashukia hapa, New York ilipokuwa bado New Amsterdam. Gavana Peter Stuyvesant alitaka kuwafukuza; kampuni ya Kiholanzi iliyomwajiri ikamkatalia. Mtu wa Mombasa anawajua Wareno hao vizuri. Ndio walioanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, na ndio waliong'olewa na Waomani mwaka 1698. Nilipowaeleza wenzangu hilo walinyamaza kidogo. Bahari mbili, dola moja, na pande zote mbili watu wakingoja waondoke.

Mwalimu hakuja nasi mpaka kwenye uzio. Kuhani haruhusiwi kukaribia makaburi, basi alisimama upande wa pili wa barabara chini ya kibanda cha matunda, tukawa tunamsomea kwa sauti majina tuliyoweza kuyaona. Kati ya waliozikwa pale ni Gershom Mendes Seixas, kiongozi wa ibada aliyeondoka New York mwaka 1776 na sehemu ya jumuiya yake ili wasikae chini ya jeshi la Kiingereza, akarudi vita vilipokwisha. Siku moja baada ya Julai 4 hilo lilinigusa kuliko fataki. Bendera zote zile mitaani, na huyu hapa nyuma ya uzio kwenye barabara ambayo watalii hawaijui.

Sabato ilitoka baada ya saa tatu usiku, nyota tatu zilipoonekana, au zilipopaswa kuonekana juu ya taa za Manhattan. Katika ibada ya kuiaga hubarikiwa divai, manukato na moto. Manukato ya Wayahudi wa Ulaya kwa kawaida ni karafuu. Nilitoa pakiti yangu ya Pemba, nikamimina kwenye kisanduku cha fedha cha Bibi, kikazunguka mkono kwa mkono. Bibi alivuta harufu akafumba macho. Akauliza karafuu hii imelimwa wapi. Nikamwambia kisiwani, kwenye miti mirefu, na huchumwa kwa mkono na kuanikwa kwenye majamvi. Akasema kwa miaka yote hiyo alidhani hutoka dukani Essex Street.

Baada ya hapo simu zilitoka kwenye droo na jiji likarudi. Tulicheza dansi juu ya paa la rafiki huko Brooklyn mpaka karibu alfajiri. Sitalieleza zaidi, kila msomaji anajua vijana juu ya paa la nyumba usiku wa joto wanavyokuwa.

Jumapili ilikuwa zamu ya Mbukhara. Mtaa wa 108 huko Forest Hills, Queens, ni moyo wa Wayahudi wa Bukhara: vinyozi, mishikaki ya kosheri, mikate ya mviringo yenye mhuri katikati inayobandikwa ndani ya tanuri kama naan. Mama yake alikuwa amepika pilau ya karoti. Wali, ng'ombe, karoti nyingi zilizokatwa nyembamba, vitunguu saumu vizima, na bizari nzima. Hakuna mdalasini, hakuna iliki, wala viazi. Mafuta ni ya mbegu, si samli, kwa sababu ya nyama. Nilikula nikiwa na mawazo ya Eastleigh na Mombasa, na mama yule aliponiona nimesita akadhani sijapenda. Nikamwambia, "Mama, kwetu pia harusi haiwezi kufanyika bila hii." Akaniongezea sahani bila kuuliza. Daktari alikula haraka, akaaga, akaenda zamu. Basi langu la Boston liliondoka jioni.

Mwenyeji ameshatualika tena. Mwaka 2026 Marekani inatimiza miaka 250 na Julai 4 inaangukia Jumamosi yenyewe, kwa hiyo fataki zitakuja Sabato ikiwa inatoka.

Kwako msomaji, iwe uko Nairobi, New York au Toronto, ukialikwa na familia ya Kiyahudi kwa chakula cha Ijumaa usiku, nenda. Fika kabla jua halijazama. Usipeleke ulichopika kwako, hata kiwe kitamu namna gani. Peleka matunda mazima, au kitu chenye muhuri wa kosheri ambacho hakijafunguliwa. Zima simu ukiwa bado nje. Kengele ya umeme usiibonyeze. Gonga mlango kwa mkono.